Wiki tisa bila jiko, na boksi moja lililotuumbua

Naandika hiki kisa saa hizi nikiwa bado nakumbuka, kwa sababu najua baada ya mwaka nitaanza kusema ah haikuwa mbaya vile, na ilikuwa mbaya. Jiko letu lina mita 2.4 kwa 3.6, tupo watu wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tulipanga ukarabati wa wiki nne ukaenda tisa. Mafundi walituchelewesha ndio, lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa letu wenyewe na tulilifanya siku ya kwanza kabla hata nyundo haijagusa ukuta: tulimwacha seremala apime makabati kwa kuangalia vitu tulivyokuwa navyo, wakati alitakiwa aangalie tunavyovitumia. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na tofauti yake kwetu ilikuwa maboksi ishirini na kitu.

Ilianza na maji. Kabati la chini ya sinki lilikuwa la chipubodi, zile mbao za vumbi la mbao na gundi, na chipubodi ikishanyonya maji inavimba na hairudi tena. Mlango ukagoma kufunga, halafu sakafu ya kabati ikabonyea, siku nimetoa ndoo na sabuni zote humo ndo nikaona mgongo wake umeota ukungu mweusi. Fundi bomba akaja akasema ni mpira tu wa bomba umechoka, kazi ya nusu saa. Mume wangu akasema sasa kama tunabadilisha hili kabati si tubadilishe yote. Hiyo sentensi ni hatari sana jamani. Kabati likaleta kaunta, kaunta ikaleta sinki, sinki ikaleta tailizi, tailizi zikaleta waya za umeme za ukutani ambazo hakuna aliyekuwa na habari nazo.

Seremala alivyokuja kupima aliniuliza swali zuri tu, "Dada, vitu vyako ni vingi kiasi gani?" Nikamfungulia milango yote aone mwenyewe, vifuniko viwili vikanidondokea mguuni. Akacheka, akasema basi tujaze kuta zote mbili mpaka darini. Nikamwambia jaza kaka. Advansi tukatoa Jumamosi hiyohiyo.

Kufungasha tulifanya usiku mmoja kwa sababu mafundi wa kubomoa walikuwa wanakuja asubuhi na sisi kama kawaida yetu tulikuwa tumesubiri mpaka mwisho. Maboksi 31. Kila moja nimeliandika JIKONI kwa herufi kubwa, kana kwamba kuna mtu angedhani sufuria zinatoka chumbani. Yani ukitaka kitu huna pa kuanzia. Mume wangu yeye alichukua boksi dogo la viatu, akapita jikoni kama dakika kumi akaweka vya kutumia wakati wa ujenzi: sufuria mbili, kikaango kimoja, kisu kizuri kimoja na kibaya kimoja, ubao wa kukatia, mwiko, upawa, chujio, vijiko na uma. Sahani, bakuli na vikombe sita sita akavifunga pembeni kwenye taulo. Nilimgombeza, nikamuuliza kwani tunaenda kambini? Hilo boksi likumbukeni.

Jiko la muda tukaliweka kona ya sebuleni. Meza ya kawaida, jiko la umeme la plate moja, birika la umeme, friji imesogezwa ikae karibu na televisheni, vyombo tunaosha bafuni tumepiga magoti kwenye beseni. Mtungi wa gesi nilikataa usiingie sebuleni na mpaka leo sijutii. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inashuka inatambaa sakafuni inakaa kwenye pembe, na sebuleni kwetu ndo kuna mapazia, makochi na watoto wanacheza chini. Kwahiyo umeme. Ila umeme nao una yake. Jiko lile ni wati 1500 na birika ni wati 2000, mume wangu akavichomeka vyote kwenye ekstensheni moja iliyokuwa imeviringishwa nyuma ya meza. Piga hesabu, wati 3500 kwenye volti 230 ni kama ampea 15, na ekstensheni ile mwisho wake ni ampea 13. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki, kushika plagi nikatoa mkono haraka. Waya ukiwa umeviringishwa joto halina pa kutokea, ndo ilikuwa inaongeza moto wenyewe. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba, birika kwanza, kikombe kijae, chomoa, ndo uwashe jiko.

Vumbi sitaki hata kulizungumzia sana. Tuliziba mlango wa jikoni na karatasi ya nailoni na gundi ya utepe pande zote, tukafungua dirisha la jikoni ili upepo utoke kule usije kwetu, na fundi tukamwambia tailizi azikate na mashine ya maji, asikate kavu, kwa sababu lile vumbi la tailizi na zege lina silika, yale madini ya mchangani, na silika ikizoea mapafu hailipi kodi na haihami. Alinuna siku mbili. Pamoja na hayo yote bado nilikuta vumbi ndani ya droo ya chumbani iliyokuwa imefungwa.

Kuna na harufu. Wiki ya pili nyumba nzima inanuka choo, tumesafisha bafu mara tatu, tumewalaumu watoto, tumetupa kapeti la mlangoni. Kumbe ni bomba la maji machafu la sinki. Kile kipinda cha chini ya sinki kazi yake ni kushika maji kidogo yazuie hewa ya mfereji isirudi ndani, ukishatoa sinki na kipinda chake unakuwa umefungua dirisha la shimo la maji taka sebuleni kwako. Fundi bomba akachukua tambara, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akalisokomeza kwenye tundu. Dakika moja. Siku nane za mateso.

Sasa twende kwenye kuchelewa, maana bila kuchelewa hiki kisa kisingekuwepo. Walipong'oa tailizi za zamani za sakafuni wakakuta chini yake mbichi, sio mbichi ya kumwagika, mbichi ya muda mrefu, bomba la ukutani lilikuwa linalia taratibu labda miaka. Ikabidi wabomoe tabaka la saruji la juu, wabadilishe bomba, wamwage upya karibu milimita 40. Fundi tailizi akasema wiki moja tu naanza kubandika. Mimi nilikuwa nimeshasoma soma kidogo nikajua saruji ya sakafu kwa wastani inakauka kama milimita moja kwa siku, tena hali ya hewa ikiwa nzuri, kwahiyo 40 ni kama siku 40. Tukabishana pale. Yeye ana hoja, tailizi zinavumilia unyevu kuliko mbao na gundi yake yenyewe ni ya saruji. Lakini juu ya hizo tailizi yanakuja kukaa makabati ya mbao na makabati ndo yaliyotuleta hapa! Mwishoni tukakubaliana jaribio, ukate nailoni kama mita moja kwa mita moja, uibandike sakafuni pande zote na gundi ya utepe, uiache mpaka kesho. Kesho yake ndani ya nailoni matone kibao. Hakusema kitu, akafunga begi lake akasema nipigieni. Tulimpigia wiki ya sita, nailoni ilipotoka kavu.

Basi hapo katikati, jikoni hakuna kinachoendelea, saruji inakauka, sisi tunaishi na maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Wiki ya tano nikatafuta blenda. Nikafungua boksi la kwanza sio, la pili sio, la tatu ndo ikawepo, nikakaa chini nikaangalia yale mengine. Ishirini na nane hayajaguswa. Mwezi na zaidi, tumekula kila siku, wageni wamekuja mara mbili, mtoto kasherehekea siku ya kuzaliwa, na vyote tumefanya na lile boksi la viatu nililolicheka na sahani za kwenye taulo. Nikamwita mume wangu nikamwonyesha. Hakusema "nilikwambia" ila sura yake ilisema.

Hapo ndo uchambuzi wangu wenyewe ulianza. Nilichukua kalamu, kila boksi tunalofungua tunaandika tarehe na kilichotolewa. Na kila usiku nikawa nafungua moja tu, sio kupanga, kuuliza tu hiki kilikujaje hapa. Majibu yalinishangaza kwa sababu nilidhani tatizo letu ni kununua sana, kumbe vya kununua vilikuwa vichache.

Kundi kubwa lilikuwa vitu ambavyo vilibaki baada ya mwenzake kufa. Vifuniko 19 vya plastiki, makopo yanayovifaa 8. Jagi la blenda ambayo mota yake iliungua zamani. Trei za oveni ya zamani ambayo hatunayo tena. Hakuna siku mtu aliamua kuvitunza, ni kwamba hakuna siku mtu aliamua chochote.

Kundi la pili ni vitu vya mtu niliyetaka kuwa. Mashine ya kukamua juisi yenye vipande kumi na moja vya kuosha, mashine ya kusokota tambi, seti ya visu vya kuchonga matunda yawe maua. Hivi ndo vigumu kutoa kuliko vyote, maana hutoi mashine, unakubali kwamba huyo mtu hajaja na haji. Nilitoa ya tambi. Ya juisi ilinichukua wiki mbili nyingine.

Halafu vya wageni. Seti nzima ya sahani za watu kumi na mbili, na hatujawahi kukaa watu kumi na mbili mezani kwa sababu meza yetu inakaa sita.

Na kikaango cha kutonata kilichochubuka, kipo kimoja kimoja kwenye kila boksi nahisi vinazaana. Hapa nilikuwa na hofu ya zile chembe zinazobanduka, ila kwa nilivyokuja kuelewa kinachosumbua zaidi ni kukiacha motoni kikiwa kitupu, ile rangi ya ndani ikipita kama nyuzi 260 inaanza kuvunjika na kutoa mvuke usiofaa kuvuta. Vyovyote vile, kilichochubuka hakifanyi tena kazi yake. Vinne vikaondoka.

Likabaki sufuria la mama mkwe. Kubwa, la kupikia watu hamsini, alitupa tulipooana. Mimi sijawahi kulitumia hata mara moja na miaka yote hii limekaa juu ya kabati kama mzee wa nyumba, na moja ya sababu nilimwambia seremala apandishe makabati mpaka darini ni hilo sufuria lipate pa kukaa. Mume wangu akasema hilo haligusiki, mama atajisikia vibaya. Tukakaa nalo wiki nzima sebuleni, watoto wanaingia ndani wanajificha. Mwisho nikapiga simu mwenyewe. Nikazunguka weee, salamu, afya, majirani, ukarabati, nafasi ndogo, mama unajua lile sufuria. Akanikatisha, "Mwanangu, lile sufuria mimi nililetewa na wifi yangu na sikulitaka. Nyie mlivyooana nikaona hapohapo." Akacheka mpaka akakohoa. Miaka tisa nalifuta vumbi kwa heshima!

Sasa tukaja kwenye swali la hela. Makabati yameshaagizwa, vitu vya kuyajaza havipo tena. Nilimpigia seremala nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Bahati yetu ile saruji mbichi ilikuwa imemsimamisha na yeye, alikuwa kakata makabati ya chini yote na ya juu ya ukuta mmoja, ya ukuta wa dirisha alikuwa hajagusa. Tukafuta hayo manne. Mbao za ziada alikuwa kashanunua kwahiyo hakurudisha hela, na sikumlaumu, ila hela ileile tukamwomba aihamishie kwenye droo. Kabati la chini lina kina cha sentimita 60, ukiweka mlango wa kawaida ule nusu wa nyuma ni kaburi, unaona vilivyo mbele tu, vya nyuma unavikumbuka siku ya kuhama. Droo inaleta nyuma mbele. Reli nzuri za droo ni ghali kuliko bawaba, na bila yale manne yaliyofutwa tusingezimudu. Ndo maana nasema kuchelewa kwa wiki tano kulituokoa, na siipendi hiyo sentensi kwa sababu fundi tailizi akiisoma ataringa.

Jiko la muda lilitufundisha na vingine ambavyo hakuna aliyetuuliza. Ile meza ya sebuleni ilikuwa na kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni na wote wawili migongo ilikuwa inauma kila jioni. Kaunta nyingi zinajengwa kama sentimita 90, tulitaka kuweka hiyohiyo bila kufikiri. Badala yake tukasimama ukutani na futi, tukapima kiwiko mpaka chini, tukatoa sentimita 15, yangu ikaja 87 yake 98, kwahiyo tukaweka 92 na mimi nina ubao mnene chini ya… hapana yeye ndo ana ubao mnene wa kukatia, unamwinulia kazi. Soketi nazo, mpango wa kwanza ulikuwa soketi kumi na mbili kwa sababu tulikuwa na mashine kumi na mbili. Zilibaki tano. Tukaweka soketi saba na oveni ikapata waya wake peke yake kutoka kwenye breka.

Kuna mwanamama msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926 alichora jiko la nyumba za watu wa kawaida mjini Frankfurt kule Ujerumani, lilikuwa kama mita 1.9 kwa 3.4, na lilipangwa kwa kuangalia kazi yenyewe inaendaje, hatua ngapi kutoka wapi kwenda wapi, na mfano mmoja wapo ulikuwa jiko la behewa la treni. Maelfu yalijengwa. Nilivyoona hivyo vipimo niliona aibu kidogo, letu ni kubwa kuliko hilo na tulikuwa tunalalamika nafasi. Kwenye treni hakuna anayebeba vifuniko 19.

Makosa ya kwenye kupunguza vitu nayo yalikuwepo nisijifanye. Kosa baya nililifanya usiku, nimechoka, nimeshika mfuko nina hasira na kila kitu. Nikatupa kimpira cheusi nikidhani ni cha kopo fulani. Kilikuwa mpira wa sufuria ya presha, na sufuria ya presha bila mpira wake ni sufuria nzito tu yenye kifuniko cha ajabu. Kutafuta mwingine wa saizi ileile kumenichukua mwezi. Siku hizi vipande vidogo nisivyovijua naviweka kwenye kopo la kioo mezani mpaka mtu avitambue. Kosa lingine ni maboksi ya "labda". Tulianza na moja tukafika sita, na ukweli labda kwetu ilikuwa hapana inayoogopa mume au mke. Tukayafunga, tukaandika tarehe, makubaliano ni miezi sita bila kufunguliwa yaondoke bila kuchungulia. Kuchungulia ndo kunaua. Manne yameshaondoka.

Tailizi tulinunua kamili bila ziada, usicheke. Zikavunjika sita kwenye kukata, kurudi dukani namba ya toleo imebadilika na rangi imepishana kidogo, unaiona ukijua. Zipo nyuma ya friji. Asilimia kumi ya ziada ingetosha kabisa, na kila mtu alituambia baadaye.

Kama ningeanza upya mpangilio ungekuwa huu: wiki nne kabla ya kumwita seremala ningefungasha kila kitu, ningeishi na boksi la viatu jiko likiwa bado zima, ningetoa kitu kimoja kimoja kinapohitajika, halafu ndo ningemwita apime vilivyotoka. Vilivyobaki ndani ya maboksi asivione kabisa. Wenzangu wawili nimewaambia hivi wakaniambia hawana muda wa kufungasha mapema, na ninawaelewa maana na mimi nisingekubali.

Jiko limekwisha. Ukuta wa dirisha upo mtupu, mwanga unaingia mpaka kwenye friji, na kuna droo moja ya mwisho ambayo tuliiacha tupu kwa makusudi. Juzi nimeivuta nikakuta vifuniko vitatu, havina makopo. Nimemuuliza mume wangu, anasema sio yeye. Watoto nao wanasema sio wao.